Mpunga Ukiwa Bado Shambani

Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Nyangwe, mji wa soko kando ya mto Lualaba. Kutoka Nyangwe hadi mji wa Kasongo, huko huko Maniema, mashariki mwa Kongo, ni mwendo wa siku chache kwa miguu, na habari hutembea upesi kuliko askari. Watu wa Kasongo walijua kwamba jeshi lile litafika kwao. Walijua na sababu: mwishoni mwa mwaka uliotangulia wawakilishi wawili wa dola hiyo, Lippens na De Bruyne, walikuwa wameuawa mjini humo. Hata hivyo mji ulikaa. Zikapita wiki saba kamili. Tarehe 22 Aprili jeshi likaingia, mji ukaanguka ndani ya saa chache, na daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, akaja kuandika katika kitabu chake yale aliyoyakuta majumbani: magodoro ya hariri, vyandarua, bustani za michungwa na mipera, maghala yenye mpunga. Wenyewe walikuwa wametoka mbio siku ile ile, mikono mitupu.

Hariri ndiyo iliyomshangaza Hinde. Mimi nashangazwa na maghala. Mtu anayeacha ghala limejaa hakupanga kuondoka siku hiyo. Au alipanga, akajiambia asubiri siku moja zaidi, kisha nyingine, na mpunga ukawa unamtazama kila asubuhi na kumwuliza atauachia nani.

Ni rahisi kuwacheka watu waliokwisha kushindwa. Sisi tunajua mwisho wa kisa; wao walikuwa katikati yake. Jeshi la Dhanis lenyewe lilikuwa limepigwa na maradhi kule Nyangwe. Kasongo ilikuwa na bunduki nyingi, na Sefu bin Hamed, mtoto wa mfanyabiashara Tippu Tip, alikuwa hai na watu wake. Huenda adui asije. Huenda akaja akashindwa. Huenda akashinda, tukaelewana naye, kwa maana biashara haikosi mtu wa kuifanya. Kila moja ya hesabu hizo ilikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana nasema hapa mapema kwamba sura hii haitafuti wajinga.

Tippu Tip mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Unguja tangu mwaka 1890, na mojawapo ya mambo yaliyomwita pwani ni kesi aliyofunguliwa na Henry Morton Stanley. Hakurudi tena Maniema. Alifia Unguja mwezi Juni 1905, kitandani. Sefu aliyebaki aliuawa Oktoba 1893. Watu hupenda kusema kwamba mzee aliona mbali. Labda. Lakini tukichunguza visa vya walionusurika katika vita hata vya juzi, tunakuta wengi waliondoka kwa sababu nyingine kabisa: msiba wa shangazi Kindu, mtoto mgonjwa, deni la kufuatiliwa Kalemie. Hatari ikaja nyuma yao, nao wakasifiwa busara ambayo hawakuitumia.

Katika nchi za pwani swali la kuondoka au kubaki huulizwa kuhusu kimbunga. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwaonya watu juu ya kimbunga Jobo. Kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 ikaonya juu ya Hidaya. Hicho kikafika Mafia na kuleta upepo na mvua kubwa. Mwenye nyumba aliyeona Jobo kikipotea baharini alikuwa na haki ya kutilia shaka tangazo la pili, na mwenye kutilia shaka angekuwa amekosea. Hata hivyo kimbunga kina adabu fulani. Kina jina, kina njia inayochorwa kwenye ramani, kina saa ya kufika, na kikishapita kimepita. Hakirudi usiku kuuliza ni nani aliyempikia ugali adui yake.

Kusini mwa Maniema hakuna kimbunga cha bahari. Upepo upo, nao huezua mabati ya shule na kanisa mvua za kwanza zinapoanza, lakini hakuna anayehama kijiji kwa ajili ya upepo. Kinachowahamisha watu wa Kabambare na Kasongo ni bunduki, na bunduki haina kituo cha hali ya hewa.

Kabambare ndiyo teritwari ya mwisho ya Maniema upande wa kusini mashariki. Inapakana na Fizi ya Kivu Kusini na inatazamana na jimbo la Tanganyika. Zamani njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapita hapo kwenda Kasongo. Livingstone alikaa huko miezi mingi mwaka 1870 akiugulia vidonda vya miguu. Njia hiyo hiyo bado inapitisha chumvi, vitenge na samaki wakavu kwa baiskeli, na bado inapitisha vita. Vita vya Fizi vikichemka, mvuke wake unafika Kabambare. Vita vya Watwa na Waluba kule Tanganyika vilipowaka, watu wa Nyunzu na Kongolo walikimbilia upande huu. Kisha Kabambare nayo ina moto wake wa nyumbani, unaoitwa Salamabila.

Salamabila ni mahali pa dhahabu. Kampuni ya Kanada, Banro, ilijenga hapo mgodi wa Namoya, ukaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakichimba kwa sururu na beseni walijikuta nje ya ua. Kundi la wanamgambo wa kienyeji, Mai-Mai Malaika, likiongozwa na Sheikh Assani Hazaifa Mitende, likashika silaha likidai kwamba ahadi kwa wenyeji hazikutimizwa. Machi 2017 wafanyakazi watano walitekwa, mmoja wao Mfaransa. Mwaka huo huo, upande wa Fizi, muungano wa Mai-Mai chini ya William Yakutumba ulianza mashambulizi makubwa, na Kabambare ikawa imeshikwa kati ya mioto miwili. Julai 2019 wafanyakazi wengine wanne wa Namoya wakatekwa. Septemba mwaka huo Banro ikasimamisha kazi.

Hapo pana jambo la kutazama. Kampuni nayo ilikuwa na swali lile lile: kuondoka au kubaki? Ilikuwa na walinzi, simu za setilaiti na wanasheria wa kuandika barua ya kusimamisha shughuli. Na bado ilichukua zaidi ya miaka miwili tangu utekaji wa kwanza kufikia uamuzi huo, kwa sababu fedha iliyozikwa ardhini haihamishiki. Kwa kipimo hicho, mama mwenye nusu hekta ya mpunga anaamua haraka mno.

Basi anaamuaje? Watu wa mbali hudhani kuna siku moja ya uamuzi, mtu anakaa na mke wake, wanapima, wanakubaliana. Mambo hayaendi hivyo. Uamuzi unaanza wiki kadhaa kabla, kwa kusoma dalili, na wasomaji wakubwa wa dalili si wanaume wanaosikiliza redio. Redio ni muhimu. Tangu mwaka 2002 Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili pia, na watu wanaiamini kuliko sauti nyingi. Lakini redio hutangaza kilichokwisha kutokea, na mwenye kijiji cha ndani anataka kujua kitakachotokea usiku wa leo. Jibu liko sokoni. Wasukuma baiskeli waliozoea kufika siku fulani hawakufika. Chumvi imepanda bei bila sababu. Vijana wawili wasiojulikana wamenunua betri za tochi zote kwa muuza duka mmoja. Muuza mawese wa kijiji cha pili amekuja kukusanya madeni yake yote kwa siku moja, na anapoulizwa kulikoni anacheka tu.

Kubwa kuliko hayo yote ni wake za askari. Mahali popote palipo na kambi ya jeshi la serikali, FARDC, familia za askari huishi kando yake, na wanawake hao huuza na kununua pamoja na wanawake wa kijiji. Siku wanapofunga vyungu vyao na kupanda pikipiki kuelekea Kasongo, hakuna haja ya tangazo. Hali kadhalika familia ya mkuu wa teritwari, ambaye kila mtu humwita AT, na magari ya mashirika ya misaada. Wakubwa hawa wanaweza kusimama mbele ya watu na kusema hali imedhibitiwa, raia wabaki watulivu, waendelee na kazi zao. Raia wanasikiliza kwa heshima, kisha wanatazama kama watoto wa msemaji bado wanakwenda shule.

Sina la kuwalaumu raia hapo. Nawalaumu wasemaji. Kiongozi anayetangaza utulivu huku nyumba yake imekwisha kuhamishwa anaharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena kwa mkutano wa hadhara. Tangazo lake lijalo, hata likiwa la kweli tupu, litapimwa kwa masanduku ya mke wake.

Dalili zikishasomeka, kinachofuata ni shamba. Sehemu hii ya Maniema iko kusini mwa ikweta: mvua huanza karibu Septemba na kumalizika Mei, kisha kiangazi hadi Agosti. Kasongo ni nchi ya mpunga tangu enzi za misafara, na mpunga ni zao gumu kwa mtu anayeishi na vita. Ukiiva unataka kukatwa. Ukichelewa unaliwa na ndege na kupukutika. Ukikatwa unataka kukaushwa, kupurwa na kuwekwa mahali, na ukishawekwa mahali umekuwa mali ya kwanza atakayoifikia mwenye bunduki, kwa kuwa umemfungia tayari katika gunia. Muhogo ni mpole zaidi. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi bila kudai chochote, na mwenye njaa huja usiku kuchimba mizizi miwili na kurudi alikojificha. Ndiyo maana katika miaka ya vita mashamba ya muhogo hupanuka na ya mpunga hupungua. Wataalamu wa kilimo wanaweza kuandika kwamba wakulima wamerudi nyuma. Wakulima wamepanga tu chakula chao kulingana na adui.

Kwa hiyo kukimbia mwezi Agosti si sawa na kukimbia mwezi Mei. Agosti njia ni kavu, mito inavukika, mtoto anaweza kulala nje bila kulowa, na shamba lina nafasi tu. Lakini ukikimbia Agosti na usirudi mapema, utakosa kupanda, na njaa ya mwaka ujao umeinunua leo. Mei mvua bado zinapiga, madaraja ya magogo yamekwenda na maji, mto Luama umejaa, na mpunga umesimama shambani ukiwa na dhahabu yake kichwani. Wapo watu waliouawa wakiwa na mundu mkononi. Jirani zao hawasemi walikuwa wajinga. Wanasema walikuwa wanamalizia.

Usiku watu wanazungumza kwa sauti ya chini. Mdogo anamwuliza mkubwa wake, "Yaya, sisi tunaenda lini?" Naye anajibu, "Ngoja kwanza tukate kale kashamba ka bondeni." Mama mkwe anasema yeye haendi popote, alikimbia mwaka 1964 akiwa na mimba na hakimbii tena na magoti haya. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitano hasemi neno, na ndiye anayefikiriwa na wote, kwa kuwa kijana wa umri huo akikutwa na upande huu atabebeshwa mizigo au bunduki, na akikutwa na upande ule atashukiwa kwamba tayari ameibeba.

Mwisho wake nyumba nyingi hazichagui kuondoka wala kubaki. Zinagawanyika. Kijana anapelekwa Kasongo kwa baba mdogo, pamoja na mabinti wakubwa. Mama na watoto wadogo wanahamia kibanda cha shambani, ndani zaidi, wanalala huko na kurudi kijijini mchana. Baba anabaki kulinda nyumba, na kulinda nyumba maana yake ni kulala kichakani akiitazama. Bibi anabaki ndani kwa sababu mtu lazima awepo wa kuwasha moto, ili wapitao wasidhani nyumba imeachwa na kuing'oa mlango. Wahesabuji wa mashirika wanapofika Kasongo huandika kwamba familia moja, watu wanne, imekimbia. Hawaioni sehemu nyingine ya familia iliyo mahali patatu tofauti, na hawawezi kujua kwamba mmoja wa wale wanne ataanza safari ya kurudi keshokutwa kwenda kutazama mpunga.

Mgawanyo huo ni bima. Mfanyabiashara wa mjini haweki mali yote katika duka moja, na nyumba ya Kabambare haiweki watu wote katika njia moja. Una gharama zake, na iliyo kubwa kuliko zote huwaangukia wanawake, kwa sababu wao ndio wanaotembea kati ya sehemu hizo: kupeleka unga, kuchimba muhogo, kuchukua maji. Shirika la Médecins Sans Frontières limefanya kazi Salamabila, na miongoni mwa waliotibiwa hapo wamekuwamo wengi walionusurika kubakwa. Njia ya shambani imekuwa hatari kuliko kijiji na kuliko mji, na wanawake wanaipita kwa vile hakuna chakula kingine. Tukiulizwa kama mama huyu amekimbia au amebaki, tutajibu nini? Kila siku anafanya yote mawili.

Kuna kosa ambalo wasomi na wanahabari hulifanya mara kwa mara, nalo ni kudhani kwamba kuondoka ni usalama na kubaki ni hatari. Kongo imekwisha kulilipia somo hili. Tafiti za shirika la International Rescue Committee wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998 na baada yake zilifikia hesabu ya watu milioni 5.4 waliokufa zaidi ya kawaida hadi mwaka 2007. Wataalamu wengine wameipinga hesabu hiyo, na mabishano yao ni ya haki. Lakini jambo moja halikupingwa sana: walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, na mara nyingi waliokufa walikuwa watoto wadogo. Msitu unaokuficha usionekane na askari unakuficha pia na muuguzi.

Kasongo ina sababu yake ya kulijua hili. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp waliendesha hapo mradi wa afya ya msingi uliokuja kusomwa na wanafunzi wa tiba sehemu nyingi duniani. Mwaka 1981 wakachapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua, wakiuliza swali la kuudhi: je, mtoto aliyeokolewa na surua anaishi, au anakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine? Mjadala uliwaka kwa miaka. Mimi nauleta hapa kwa sababu ndogo tu. Mtoto wa surua anahitaji kituo cha afya kilicho karibu, muuguzi anayemjua mama yake, na kadi ya chanjo. Familia ikikimbia usiku inaviacha vyote vitatu. Mama anayesita mlangoni na mtoto mwenye homa mgongoni anasita mbele ya hatari mbili, na hatari mojawapo haipigi risasi.

Nami siwezi kusema kubaki ni heri. Historia ya sehemu hizi inasema inategemea wewe ni nani na mwenye kuja ni nani. Julai 1964 waasi wa Simba, chini ya Nicolas Olenga, walipita Kasongo na kuingia Kindu. Kwa mkulima wa kawaida hawakuwa lazima watu wa kukimbiwa, wengi waliwapokea. Kwa karani, mwalimu, mtu aliyevaa tai ofisini, kubaki kulikuwa kifo, maana Simba waliwasaka wasomi na watumishi wa serikali. Novemba mwaka huo jeshi la serikali na mamluki wa kizungu waliirudisha Kindu, na sasa ikawa zamu ya wale waliobaki kwa amani kuhesabiwa kuwa waasi. Mtu aliyekuwa salama Julai hakuwa salama Novemba, ingawa hakuhama hata hatua moja. Upepo uligeuka juu ya kichwa chake.

Baada ya 1998 jambo hili lilikuja tena kwa sura mbaya zaidi. Waasi wa RCD, wakisaidiwa na Rwanda, waliishika miji. Mai-Mai walishika vijiji na misitu iliyoizunguka. Aliyekimbilia Kasongo mjini alionekana na Mai-Mai kuwa rafiki wa wavamizi. Aliyebaki kijijini alionekana na RCD kuwa Mai-Mai. Kuhama kutoka nyumba kwenda nyumba kukawa ni kutangaza chama. Hapo ndipo watu wengi walipojifunza kutotoka mapema mno, kwa kuwa anayeondoka wa kwanza huulizwa aliambiwa na nani, na kutotoka wa mwisho, kwa kuwa anayebaki mwisho huulizwa alikuwa anamsubiri nani. Wanatoka katikati, pamoja na wengine, wakiwa na sababu ya kawaida mdomoni: tunakwenda msibani.

Kwa kulinganisha, Goma mwaka 2021 ilikuwa jambo jepesi, nami nasema hivyo nikijua jinsi lilivyowaumiza watu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei bila tangazo lolote la kuwaonya wakazi. Watu waliona mbingu nyekundu wakaanza kutembea. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru wakazi wa mitaa kumi wahame, kwa hofu ya mlipuko wa pili chini ya mji au chini ya ziwa. Mamia ya maelfu wakatoka kwenda Sake, Minova, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Waliorudi waliirudia nyumba, wengine wakakuta imeibiwa, wakasema tulidanganywa. Hawakudanganywa. Hatari iliyopimwa kwa uaminifu inaweza isitokee, na amri iliyotolewa kwa ajili yake ikabaki kuwa amri ya haki. Lakini serikali iliyowaambia watu waondoke haikuwa imetayarisha maji wala vyoo Sake, na hilo ndilo wanalolikumbuka. Aliyekunywa maji machafu Sake atafikiri mara mbili siku nyingine akiambiwa ahame.

Huko Kabambare hata amri ya namna hiyo haijawahi kuzoeleka. Hakuna anayewaambia watu waondoke. Serikali inayosema hivyo ingekuwa imekiri kwamba haiwezi kuwalinda, na hakuna mkubwa anayetaka kuandika barua hiyo. Kwa hiyo mzigo wote wa kuamua unabaki kwa mama mkwe, kwa muuza mawese na kwa kijana asiyesema neno. Wanaamua vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Wanakosea pia, na wakikosea hakuna tume ya uchunguzi.

Swali la kwa nini hawakuondoka, ambalo kila mwandishi wa habari huuliza baada ya mauaji, ni swali bovu. Linamweka aliyekufa kizimbani. Ningependa maswali mengine yaulizwe mapema, kiangazi, wakati bado kuna nafasi ya kufanya jambo. Daraja gani kwenye njia ya Kasongo halitavukika Novemba? Kituo gani cha afya kinaweza kupokea watoto wenye kadi za kituo kingine bila kuwadai fedha? Mkuu wa kijiji ana nambari ya nani, na simu yake inashika mtandao juu ya kilima kipi? Hayo hayahitaji mkutano Kinshasa.

Lipo na moja linalowahusu watu wa Kasongo wenyewe, kwa kuwa katika nchi hii wakimbizi wa ndani wengi hawaishi kambini. Wanaishi katika nyumba za ndugu na za watu waliowakubali tu. Wenyeji hao wamebeba kuliko shirika lolote, na mara nyingi chakula chao kimekwisha kabla ya cha mgeni. Lakini wengi humpa mgeni chumba na sufuria, wakisahau kumpa ardhi. Mgeni asiye na ardhi lazima arudi kuvuna kwake, vita vikiwa bado vinawaka, na huko ndiko wengi wanakofia. Ewe mwenye shamba Kasongo, mgeni wako akiingia kiangazi hiki, mwonyeshe kipande cha kulima kabla mvua za Septemba hazijaanza. Robo hekta ya kukopeshwa itamzuia asirudi njiani kuliko onyo lolote utakalompa.